Maji yakishachemka, moto wa ziada unakwenda wapi?

Maharage yako jikoni, maji yanatokota, na mpishi anaona yanachelewa kuiva. Anaongeza mkaa, anachukua upepeo na kupepea mpaka mfuniko unacheza juu ya sufuria. Mvuke unajaa jikoni, maji yanapungua, inabidi yaongezwe mengine. Maharage yanaendelea kuiva kwa mwendo wake ule ule. Maji yaliyokuwa na nyuzijoto 100 kabla ya kupepea yana nyuzijoto 100 baada ya kupepea, na yatabaki hapo hapo mpaka tone la mwisho likauke.

Moto umeongezeka kweli, mkaa umeteketea kweli. Umekwenda wapi? Ukilifuata swali hili bila haraka utajikuta umepita katikati ya fizikia yote ya joto, kwa sababu linatulazimisha kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku: joto na halijoto.

Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, atomi na molekuli, na chembe hizo hazitulii hata katika jiwe. Zinatetemeka, zinagongana, na kwenye gesi zinakimbia huku na huko. Halijoto inaeleza ukali wa mwendo huo kwa wastani, wala haijali chembe ziko ngapi. Kikombe cha maji ya nyuzijoto 60 na pipa la maji ya nyuzijoto 60 viko sawa kabisa mbele ya kipimajoto. Joto ni habari nyingine. Ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda kwenye kitu chenye halijoto ndogo, na hapo wingi unahesabika. Aliyewahi kuchemsha maji ya kuoga ya familia nzima anajua kwamba pipa na kikombe havilingani hata kidogo kwa kuni vinavyokula.

Simama karibu na fundi wa kuchomelea anapokata chuma kwa grenda. Cheche zinaruka kama mvua, zinamwagika mikononi mwake, naye anaendelea na kazi. Cheche hizo zinang'aa rangi ya chungwa, dalili kwamba halijoto yake inapita nyuzijoto 1,000. Mmwagie fundi huyo huyo kikombe cha chai ya nyuzijoto 70 mkononi, ataruka na kupiga kelele, na pengine atatoka malengelenge. Cheche ina halijoto kubwa ajabu, ila ni punje ya chuma yenye uzito wa sehemu ndogo sana ya gramu. Joto ililobeba ni dogo mno, linaisha linapogusa ngozi. Chai ina halijoto ya wastani lakini imebeba joto maelfu kwa maelfu ya mara zaidi. (Macho hayahesabiwi humo. Cheche moja jichoni inatosha kuharibu, kwa hiyo miwani ivaliwe.)

Ngozi nayo si kipimajoto cha kuaminika. Kanyaga sakafu ya saruji alfajiri, kisha hamia kwenye mkeka uliolala juu ya sakafu hiyo hiyo. Saruji inaonekana baridi, mkeka hauonekani hivyo, ingawa vyote vimelala chumba kimoja usiku kucha na halijoto yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba saruji inalichukua joto la mguu na kulipeleka mbali haraka, wakati mkeka wenye hewa katikati ya ukili wake unalipitisha polepole. Mguu unahisi kasi ya kuporwa joto, nasi tunaiita baridi.

Njia rahisi ya kuviweka viwili hivi kichwani ni kufikiria unamimina maji. Jagi moja la maji likimiminwa kwenye bilauri nyembamba, kina kinapanda sana. Likimiminwa kwenye karai pana, kina kinapanda kidogo tu. Joto ni yale maji uliyomimina, halijoto ni kina kilichofikiwa, na upana wa chombo ni tabia ya kitu chenyewe kinachopashwa. Chuma ni bilauri. Maji ni karai. Kilo moja ya maji inahitaji kama kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati) ili halijoto ipande kwa nyuzi moja. Kilo moja ya chuma inatosheka na kilojuli 0.45 hivi, na mchanga mkavu unahitaji 0.8. Ndiyo maana saa saba mchana ufukweni mchanga unaunguza nyayo ilhali bahari, iliyokuwa chini ya jua lile lile, bado ni ya kuogelea. Na tofauti hiyo hiyo ikiongezwa ukubwa, kati ya bara zima la Asia na Bahari ya Hindi, ndiyo inayoendesha Kaskazi na Kusi. Bara linapata joto upesi na kulipoteza upesi, bahari inajivuta nyuma, na pepo zinazoleta majahazi na kuyarudisha zinazaliwa hapo.

Mfano wa jagi una hatari yake, na uliwapoteza hata wataalamu. Kwa muda mrefu karne ya 18 wanasayansi wa Ulaya waliamini kwamba joto ni kimiminika halisi, kisichoonekana wala kuwa na uzito, kinachotiririka toka kitu hadi kitu bila kuongezeka wala kupungua. Aliyeitikisa imani hiyo ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyepata cheo cha Count Rumford huko Bavaria. Akisimamia utengenezaji wa mizinga mjini München, aliona vyuma vinavyotobolewa vinapata moto mkali. Akaamua kufanya jaribio: akachukua keekee butu, akaizungusha kwa nguvu za farasi ndani ya chuma kilichozamishwa kwenye maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka, bila moto wowote, mbele ya watu waliobaki wameduwaa. Alichapisha habari hiyo mwaka 1798. Hoja yake ilikuwa kali: farasi wakiendelea kuzunguka, joto linaendelea kutoka, halina mwisho. Kitu kisichokwisha hakiwezi kuwa kimiminika kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya chuma. Lazima joto litoke kwenye mwendo wenyewe. Miaka ya 1840, James Joule wa Manchester, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha bia, alipima jambo hilo kwa vizito vinavyoshuka na kuzungusha makasia ndani ya maji, akaonyesha kwamba kiasi fulani cha kazi huzaa kiasi kile kile cha joto kila mara. Kipimo cha nishati tunachotumia kina jina lake.

Turudi kwenye sufuria. Aliyelishika swali letu kwanza, kabla hata ya Rumford, ni Joseph Black, profesa wa Glasgow, miaka ya mwanzo ya 1760. Yeye alianzia kwenye theluji. Wakati huo iliaminika kwamba barafu ikishafika kiwango cha kuyeyuka, inahitaji joto dogo tu la nyongeza ili yote iwe maji. Black akasema kama ni hivyo, siku ya kwanza ya jua baada ya baridi kali theluji yote ya milimani ingeyeyuka mara moja na mabonde yangefagiliwa na mafuriko. Mbona theluji hukaa wiki kadhaa? Akaning'iniza chupa mbili ukumbini, moja ikiwa na maji yaliyokaribia kuganda, nyingine ikiwa na barafu. Maji yalipanda nyuzi chache ndani ya nusu saa. Barafu ilichukua zaidi ya saa kumi kufikia halijoto hiyo hiyo. Muda wote huo ilikuwa ikipokea joto la ukumbini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kipimajoto hakikusogea.

Kisha akaweka maji juu ya jiko. Yalichukua kama dakika nne kuanza kuchemka. Kukauka yote kulichukua dakika 20 nyingine kwenye moto ule ule. Dakika hizo 20 zote joto lilikuwa likiingia, halijoto ikiwa imesimama. Black aliliita joto lililofichika, na vitabu vinalitambua hivyo mpaka leo. (Chuoni hapo hapo kulikuwa na fundi wa vifaa aliyeitwa James Watt, ambaye alishangazwa na wingi wa joto linalobebwa na mvuke na kupata la kufanya nalo: aliiboresha injini ya mvuke.)

Limejificha wapi? Katika maji, molekuli zinavutana. Unapoyapasha kutoka ubaridi, nishati inaongeza ukali wa mwendo wake, na halijoto inapanda. Yakifika kiwango cha kuchemka, kila nishati inayoingia inatumika kuzing'oa molekuli kutoka kwa wenzake na kuziachia ziwe mvuke. Mwendo wa zile zinazobaki hauongezeki. Na gharama ya kung'oa ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 inahitaji kama kilojuli 315. Lita hiyo hiyo kugeuka mvuke wote inahitaji kama kilojuli 2,260, mara saba. Kwa hiyo mpishi aliyepepea mpaka nusu lita ya maji ikapotea hewani ametumia joto ambalo lingechemsha kuanzia mwanzo zaidi ya lita tatu na nusu. Kwa bei ya mkaa ya siku hizi, huo si mchezo. Sufuria inayochemka taratibu kwa moto mdogo, mfuniko umefungwa, inaivisha maharage kwa kasi karibu ile ile na ile inayofoka. Mfuniko hasa ni muhimu: mvuke ukiugusa unarudi kuwa maji, na unapogeuka unalirudisha joto lote uliloondoka nalo.

Kurudisha huko ndiko kunakofanya mvuke uunguze vibaya. Gramu moja ya maji yanayochemka ikikudondokea na kupoa mpaka halijoto ya mwili inakupa kama kilojuli 0.26. Gramu moja ya mvuke wa nyuzijoto 100 ikitua kwenye ngozi inageuka maji kwanza, inamwaga kilojuli 2.26, halafu inakupa na ile 0.26 juu yake. Karibu mara kumi. Unapofunua sufuria, inua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso.

Kuna namna ya kufanya maji yapite nyuzijoto 100, lakini si kwa kuongeza moto. Maji huchemka pale ambapo viputo vya mvuke vinavyozaliwa ndani yake vinapata nguvu ya kustahimili mgandamizo wa hewa ya nje. Hewa ikiwa nyepesi, viputo vinafanikiwa mapema. Mombasa, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, yanachemka kwenye nyuzijoto 94. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, yangechemka kwenye nyuzijoto 80 hivi, na maharage yangekesha. Mpwani aliyehamia nyanda za juu akilalamika kwamba maharage ya huko ni magumu, asiyalaumu maharage peke yake. Sufuria ya presha hufanya kinyume: inafungia mvuke mpaka mgandamizo unakaribia mara mbili ya kawaida, na maji yanafika karibu nyuzijoto 120 kabla ya kuchemka. Hapo halijoto ndiyo imepanda, na chakula kinaiva kwa sehemu ndogo ya muda.

Maji yanaishikilia halijoto hata pale usipoyaona. Tumbukiza vipande vya muhogo kwenye mafuta ya moto, utasikia chwaa na kuona viputo vimejaa. Watu husema mafuta yanachemka. Siyo, mafuta ya kukaangia yapo kwenye nyuzijoto 170 au 180, na hayako karibu na kuchemka. Kinachochemka ni maji yaliyomo ndani ya muhogo. Tazama kwa makini: viputo vinatoka kwenye kipande chenyewe, na mafuta yaliyo mbali yametulia. Kadiri uso wa muhogo unavyokauka, viputo vinapungua, sauti inashuka, na hapo ndipo rangi ya dhahabu inaanza kuingia, kwa sababu uso sasa unaweza kupanda juu ya nyuzijoto 100. Mpishi mzoefu anaisikiliza sauti hiyo bila kujua kwamba anasoma kipimajoto. Nyama ya kuchemsha haipati rangi ya nyama choma hata ukiiacha jikoni mchana kutwa. Akiba ya maji inailinda isipate halijoto inayotakiwa.

Maji hayahitaji kuchemka ili yaondoke na joto. Kwenye halijoto yoyote, zipo molekuli chache zenye mwendo mkali kuliko wastani, nazo zikiwa juu juu zinaruka na kwenda zake. Zinazobaki ni zile za polepole, kwa hiyo wastani unashuka: maji yamepoa. Mtungi wa udongo unafanya kazi hiyo. Maji yanapenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanatoka nje kama jasho, yanakauka, na kila gramu inayokauka inaondoka na kilojuli 2.4 hivi, sehemu kubwa yake ikitoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje ni pambo tu, vinyweleo vimezibwa.

Ukaukaji huo ni mojawapo ya maelezo yaliyotolewa kuhusu lile jambo maarufu la Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne aliyefika kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Osborne hakumcheka, akaenda kupima, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Maji ya moto yanapotoa mvuke yanapoteza joto na uzito pia, kwa hiyo yanabaki machache ya kugandisha. Lakini upimaji mkali uliochapishwa 2016 haukuona ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo lenyewe hutokea kwa kawaida, na ubishi unaendelea. Binafsi naona swali la kijana yule ni zuri zaidi ya majibu yote yaliyolifuata.

Mwili wa binadamu ni mtungi mwingine. Mtu aliyetulia tu anazalisha joto la wati 100 hivi, na lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, linatoka lenyewe. Hewa ikikaribia halijoto ya ngozi, njia inayobaki ni jasho, na si kila jasho linasaidia. Jasho linalodondoka sakafuni limepotea bure. Linalokauka juu ya ngozi ndilo linaloondoka na joto. Feni haipoozi hewa ya chumba, tena mota yake inaongeza joto kidogo. Inachofanya ni kuondoa hewa yenye unyevu iliyoning'inia juu ya ngozi ili jasho lipate nafasi ya kukauka, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ili ukirudi ukute baridi ni kupoteza umeme.

Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, hata feni inaishiwa na la kufanya. Hili ndilo fukuto. Wataalamu wa hali ya hewa wanalipima kwa kufunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto na kukipitishia upepo: kinachosomwa ni halijoto ya chini kabisa ambayo ukaukaji unaweza kuifikia katika hewa hiyo. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba kipimajoto cha kitambaa kibichi kikisoma 35 kwa saa kadhaa, mwili hauna tena pa kulitupa joto lake, hata ukiwa uchi kivulini mbele ya feni. Majaribio yaliyofanywa Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa 2022 yaliishusha alama hiyo: vijana wenye afya njema, kwenye hewa yenye unyevu mwingi, walianza kushindwa karibu na 31.

Kwa kipimo hicho, alasiri ya Februari Dar es Salaam yenye nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 70 inasoma kama 27. Jangwani, ndani ya Oman, nyuzijoto 38 na unyevu wa asilimia 15 zinasoma kama 20.